Chupa ya Tatu na Chupa ya Nne

"Hivi, Mama Ndoo, ukimpigia mtu deki siku saba, unaweza kusema unamjua?"

Jirani yake alimwuliza hivyo siku moja wakianika nguo, kwa utani tu, maana jirani yule hakuwahi kuishiwa maswali. Mama Ndoo alikuwa amebana kibanio cha nguo mdomoni. Akafikiri, akakitoa.

"Namjua nyayo zake," akasema. "Na uchafu wake. Yaliyobaki anayajua Mungu."

Wakacheka, yakaisha. Hakujua kwamba jibu lile lingemrudia kazini.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wanawake. Mama Ndoo, mjane, mfagiaji wa wodi ile kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, alikuwa ameinama chini ya kitanda cha pili akivuta ganda la chungwa kwa ncha ya fagio. Daktari wa Utafiti akaingia ameshika karatasi mbili. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki vizuri. Siku hiyo hakusalimia. Akamwendea Metroni mezani pake.

"Metroni, karatasi hizi haziwezi kuwa kweli zote mbili," alisema. "Kuna mtu amecheza na chupa zangu."

Mama Ndoo alibaki pale chini ya kitanda. Hakuwa mdaku, ila masikio hayana kifuniko.

Kwa miezi minne daktari yule alikuwa akilinganisha dawa mbili za kuua vijidudu kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya njia ya mkojo. Si yale mepesi yanayoisha kwa vidonge vya siku tatu. Haya ni ya wenye mawe ya figo, wenye sukari, wenye kuvaa mpira wa mkojo. Dripu zote zilivikwa mifuko ya karatasi, nyingine ya kijani, nyingine ya njano, na hakuna aliyejua ipi ni dawa ya zamani na ipi ni mpya. Mgonjwa hajui, nesi hajui, daktari mwenyewe hajui mpaka hesabu ya mwisho ifunguliwe. Siku ya saba mgonjwa anatoa mkojo, unapelekwa maabara kuoteshwa, yaani kuachwa vijidudu vikue vionekane. Ukitoka safi, anakwenda nyumbani. Ukitoka na vijidudu, anabaki.

Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya saba kwa wagonjwa wawili. Kitanda cha tatu alilala mshona nguo, mwenye mawe ya figo, mfuko wa njano. Wodi nzima ilimwita Fundi. Kitanda cha nne alilala ajuza msusi wa mikeka, mwenye mpira wa mkojo, mfuko wa kijani; huyo aliitwa Bibi tu. Majibu ya Jumatano yalisema Fundi safi, Bibi ana vijidudu. Fundi akaruhusiwa saa sita mchana. Ijumaa asubuhi akarudishwa kwenye kitanda cha magurudumu, anatetemeka meno yanagongana, maambukizi yameshaingia kwenye damu.

"Mdudu aliyekutwa kwenye damu ya Fundi," daktari alisema, "ndiye yule yule aliyekutwa kwenye chupa ya Bibi. Dawa zinazomshinda na zisizomshinda ni zile zile, moja baada ya nyingine. Na Bibi mwenyewe hana homa, anakula, anacheka. Mkojo wenye vijidudu ulikuwa wa Fundi. Majina yamebadilishwa."

"Bahati mbaya," alisema Metroni.

"Bahati mbaya iliyotaka kuua mtu. Na mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba dawa ya njano imemponya."

Metroni akageuza shingo taratibu. Aliyechukua mikojo siku ile alikuwa Nesi Kicheko, mama wa watoto watatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu cheko lake lilisikika hadi jikoni.

"Mimi?" Nesi Kicheko akashika kifua. "Metroni, nilibandika lebo kwa mkono wangu! Tatu kwa tatu, nne kwa nne!"

"Jumatano saa nane mchana kuna kikao," Metroni alisema kwa sauti ya chini. "Uje na maelezo. Usipokuwa nayo, utakwenda kuyatafuta nyumbani kwako, na huku usirudi."

Daktari aliagiza mkojo wa Bibi utolewe upya, wakatoka. Nesi Kicheko akakaa juu ya stuli. Mama Ndoo akatoka chini ya kitanda, magoti yakilia.

"Mama Ndoo, mimi sijakosea," nesi alisema kwa sauti ndogo. "Ila nani ataniamini?"

"Mimi sina cheo cha kukuamini, mwanangu. Nina ndoo tu. Hebu nieleze siku ile ilivyokwenda, kidogo kidogo."

Nesi akaeleza. Saa kumi na mbili na robo alichukua mikojo ya vitanda vyote, ya utafiti na isiyo ya utafiti. Chupa akazipanga kwenye trei kwa mpangilio wa vitanda, trei akaiweka juu ya meza ya chumba cha kuoshea vyombo, mwisho wa ukumbi. Saa kumi na mbili na nusu manesi wote wakaingia ofisini kukabidhiana zamu. Saa moja kamili mtu wa maabara akaja akachukua trei.

"Lebo unabandika wapi?"

"Kwenye kifuniko. Chupa ikiwa na umajimaji gundi haishiki, inaanguka. Wote tunafanya hivyo."

"Kwa hiyo mtu akibadilisha vifuniko, amebadilisha watu."

Nesi Kicheko akamtazama mfagiaji kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Yesu wangu," akanong'ona.

Nusu saa, basi. Mama Ndoo akaegemea fagio akaikumbuka nusu saa ile, na akaikumbuka vizuri kwa sababu ilimwudhi. Alikuwa amepiga deki ukumbi mzima, akaenda nje kumwaga maji machafu, na aliporudi alikuta sakafu mbichi imekanyagwa. Nyayo ndogo, pekupeku, kisigino kizito, za kwenda na kurudi. Kando yake, upande wa kushoto, kulikuwa na mstari mwembamba uliopindapinda, kama mtu aliyekuwa akiburuta uzi. Alidhani ni uzi wa dekio lake lililochakaa. Akanung'unika, akapiga deki upya, akasahau.

Mchana ule alimsubiri mtu wa maabara kwenye ngazi.

"Kaka, samahani. Zile chupa za Jumatatu iliyopita, ulizikutaje?"

"Na wewe Mama Ndoo umekuwa polisi?"

"Nimekuwa mtu wa kuuliza. Zilikuwaje?"

Yule bwana akakuna kidevu. "Ya namba nne ilinivujia mkononi. Kifuniko kilikaa upande, kama kimefungwa na mtu asiye na nguvu. Nilimlaani Nesi Kicheko njia nzima."

"Na Nesi Kicheko anavyofunga chupa, wewe unazifunguaje?"

"Kwa meno," bwana akasema, kisha akarudisha mkono kidevuni. "Ee. Kweli. Yule hufunga mpaka natafuta koleo."

Jioni hiyo wodi nzima ilikuwa imeshapata mtu wake: Bwana Mkoba, muuza dawa, mwenye viatu vya kung'aa. Mpishi alimwona siku ile saa moja kasoro dakika ishirini amesimama mlangoni mwa ukumbi. Si ndiye anayeuza dawa mpya? Si ndiye atakayefurahi ikisemekana imeshinda? Jumanne saa tatu alipokuja, Mama Ndoo alimkuta kwenye benchi, akaweka ndoo mbele ya viatu vyake ili asiende popote.

"Bwana Mkoba, Jumatatu ile alfajiri yote ulifuata nini?"

"Nilimfuata daktari kabla hajaanza kazi. Nikakuta mlango umefungwa. Kwani vipi?"

"Ukapita ukumbini?"

"Nipite ukumbini!" Akacheka kwa uchungu. "Mama, mwezi jana nilikanyaga deki yako, ukanikimbiza na fagio mbele ya Metroni. Nilikuta maji yanang'aa, nikasimama mlangoni kama mlinzi. Sikutia hata kidole."

Mama Ndoo hakucheka, ila alimwamini. Nyayo zile hazikuwa za kiatu.

"Uliona mtu?"

"Kuona, hapana. Nilisikia. Kule chumba cha vyombo mtu alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu anarudia. Nikadhani ni nesi anahesabu vijiko."

Saa ile manesi wote walikuwa ofisini. Mama Ndoo alimwondolea ndoo. "Haya, nenda na amani."

Akabaki Fundi mwenyewe. Si siri, Fundi alikuwa amelia juma zima akitaka kwenda nyumbani, ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemwacha kwa wifi yake. Mwenye haja ya kifuniko safi alikuwa yeye. Mama Ndoo alimkuta amelala chali, dripu mpya inadondoka, midomo imekauka. Akamlowanishia kitambaa, akampangusa.

"Mwanangu, nitakuuliza neno, na usinichukie. Ulibadilisha chupa?"

Machozi yakamtoka Fundi pembeni. "Ningelijua hilo, Mama, pengine ningelifanya. Nilikuwa sina akili nyingine ila mtoto. Lakini siku ile nilikuwa nimefungwa dripu mkono huu, tangu saa kumi na moja mpaka saa moja. Muulize nesi."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa imeandikwa kwenye faili.

"Na nilipolia Jumapili jioni," Fundi akaendelea, "Bibi alinishika mkono. Akaniambia, tulia mjukuu wangu, wewe utakwenda nyumbani. Alisema kwa uhakika hata nikalala."

Mama Ndoo aliacha kupangusa.

Kitanda cha nne kilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Bibi alikuwa amekaa anasuka kipande cha ukili, vidole vinakwenda vyenyewe. Hakuna aliyemfikiria, na sababu ilikuwepo. Kwenye faili lake iliandikwa haamki bila kushikwa na watu wawili. Hajui kusoma hata namba ya kitanda chake. Na Mama Ndoo mwenyewe, afagiaye chini ya vitanda kila siku, alikuwa shahidi kwamba ndara za Bibi hazijasogea tangu aje. Zilikuwa zimeota vumbi.

"Mama Ndoo!" Bibi aliita. "Leo umenisusa? Hata hujaniambia jirani yako kauliza nini tena!"

"Nakuja, Bibi yangu. Ngoja nibadilishe shuka."

Alipotandua shuka, mikono yake ikakumbuka jambo kabla ya kichwa. Wiki iliyopita, Jumatatu ile ile, alipeleka dobi shuka ya kitanda hiki, na upande wa miguuni ilikuwa na doa jeusi jeusi la maji ya sakafu. Aliisugua kwanza kwa sabuni ya mche mara mbili. Mtu asiyekanyaga chini anapata wapi nyayo chafu? Ndara hazikusogea, naam. Lakini nyayo zile zilikuwa pekupeku.

Akatazama ubavuni mwa kitanda. Upande wa kushoto ulining'inia mfuko wa mkojo wa Bibi, na mpira wake mrefu umeshuka mpaka karibu ugonge sakafu. Mtu akitembea peke yake, mkono mmoja ukutani na mwingine una mfuko, mpira ule utaburutika kando yake. Utaacha mstari mwembamba, uliopindapinda.

Na kusoma? Msusi wa mikeka hasomi. Anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, kwa mpangilio wa vitanda.

Mama Ndoo alitandika shuka safi, akachomeka pembe zote nne. Siku hiyo alirudi nyumbani akapiga magoti muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba aoneshwe ukweli, maana ulikuwa umeshakaa mbele yake. Aliomba aoneshwe namna ya kuubeba usimwangukie mtu miguuni. Nesi Kicheko ana watoto watatu. Bibi ana miaka themanini. Mmoja akiokolewa, mwingine ataaibika.

Jumatano saa saba na nusu, baada ya vyombo vya chakula kuondolewa, alipiga deki ukumbi, akafuta mikono, akamwendea Metroni na daktari. "Nawaomba kikao kifanyike hapa wodini," alisema. "Maelezo ya Nesi Kicheko ninayo mimi."

Metroni alifungua mdomo, daktari akamwahi. "Mwache aseme, Metroni. Majibu ya Bibi nimeyapata leo. Mkojo wake ni safi kabisa, anaweza kuruhusiwa."

Basi wakakusanyika kati ya kitanda cha tatu na cha nne. Mwana wa Bibi alikuwepo, ameitwa kuelezwa hali ya mama yake. Alikuwa mwoka mikate, mtu mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, anachungulia saa kila mara. Nesi Kicheko alisimama nyuma, ameshika kofia mkononi.

Mama Ndoo hakunyooshea mtu kidole. Alieleza kama anavyoeleza jirani yake: vifuniko, nusu saa, kifuniko kilichokaa upande, sauti iliyokuwa ikihesabu, nyayo pekupeku na mstari kando yake, doa kwenye shuka. Alipofika kwenye doa, akaishia hapo. Vidole vya Bibi navyo vikasimama kwenye ukili.

"Sitaji mtu," Mama Ndoo alisema. "Najua tu kwamba aliyefanya hakuwa na ubaya moyoni. Na najua hapendi kuona mwenzake anafukuzwa kazi kwa ajili yake."

Dripu ya Fundi ilisikika ikidondoka.

"Kwani Kicheko anafukuzwa?" Bibi aliuliza. "Nilidhani amenuna tu."

"Anafukuzwa leo, Bibi," Mama Ndoo alisema.

Ajuza akaweka ukili pembeni. "Basi andikeni ni mimi. Nilishika ukuta nikaenda. Pumzi ilinitoka, lakini nilifika. Vifuniko vilikaza, nikavifungua kwa ncha ya khanga, ila nguvu za kuvikaza tena sikuwa nazo."

"Mama!" mwanawe akaruka. "Wewe? Unasema nini?"

"Nyamaza, nasema na wakubwa zako." Akamgeukia daktari. "Niliwasikia manesi. Mwenye chupa mbaya anabaki, mwenye nzuri anakwenda. Nikajua yangu ni nzuri, maana maumivu yalikuwa yameshakwisha. Sasa huyu binti analia aende, mimi ndani kwa ndani nalia nibaki. Nikasema, kumbe ni kubadilishana vifuniko tu, kila mtu apate chake. Sikujua kwamba ule mkojo unasema ukweli, baba. Nilidhani ni cheti cha ruhusa. Aliporudi anatetemeka, nikasema ni homa nyingine. Nilijidanganya, kwa sababu niliogopa."

Akamtazama Fundi. "Mjukuu wangu, nilitaka kukupa mwanao. Nikakaribia kumnyima mama."

Fundi alinyoosha mkono usio na dripu. Haukufika, Nesi Kicheko akasogeza kitanda mpaka ukafika.

"Ungeniuliza, Bibi," Fundi alisema. "Ningekwambia tubaki wote."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliona lebo kwenye vifuniko miezi minne nikanyamaza. Kuanzia leo zinakaa ubavuni mwa chupa, hata tukizifunga kwa uzi. Na dawa ya njano nitaiandika kama ilivyokuwa: kwa Fundi ilishindwa. Mtu mmoja haamui dawa ipi ni bora, ila uongo mmoja ungeanza kuamua."

Metroni alikuwa na barua mkononi, imeshapigwa muhuri. Akaikunja mara mbili, mara tatu, akaitia mfukoni. "Nesi," akasema, "vaa kofia yako. Wagonjwa wanasubiri dawa za saa nane."

Aliyebaki amesimama kama mti wa nguzo alikuwa mwoka mikate.

"Mama," alisema. "Unachomwa sindano mara tatu kwa siku hapa. Umelala na mpira. Hapa ndipo bora kuliko kwangu?"

Bibi alichukua ukili, akaukunja.

"Wewe unatoka kabla ya jogoo. Mkeo kazini, watoto shule. Mkirudi mmechoka, mnanisalimia mkiwa mlangoni kwa sababu ya harufu ya huu mfuko. Siwalaumu. Mchana kutwa naongea na redio, nayo hainijibu." Akapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Sindano inauma, mwanangu. Lakini sindano inakuja na mtu aliyeishika."

Mwana alitazama saa yake, kwa mazoea tu. Kisha akaivua, akaitia mfukoni. Akainama chini ya kitanda, akatoa ndara, akazikung'uta vumbi kwenye suruali yake, akamvisha mama yake moja, akamvisha nyingine. Akafunga kifurushi cha nguo, akakipachika begani. Mwisho akasita mbele ya mfuko wa mkojo. Akaunyakua kutoka kwenye kulabu kwa mkono wake mtupu, akaunyanyua pamoja na mpira wake, usiguse chini.

Kwa mkono mwingine akampa mama yake kiwiko.

Ukumbi ulikuwa bado mbichi, unang'aa kutoka mlangoni hadi mwisho. Wote waligeuka kumtazama Mama Ndoo, maana walijua alivyo mtu akikanyaga deki yake. Mama Ndoo alisogeza ndoo yake ukutani kuwapisha, na mwoka mikate akatoka, hatua zake kubwa amezifupisha zilingane na za mama yake.